Uchovu usioisha baada ya kuugua: Watafiti wamegundua nini kufikia sasa

Mtu anaugua homa kali, anatibiwa na anaambiwa amepona. Miezi inapita, nguvu hazirudi. Akifua nguo leo, kesho na kesho kutwa anashinda kitandani. Analala usiku kucha lakini anaamka amechoka kama aliyekesha. Akisimama kwa muda mfupi, kichwa kinazunguka na moyo unaenda mbio. Nyumbani minong'ono inaanza: ni uvivu, ni mawazo mengi, au amerogwa.

Kwa wakaazi walio katika hali hii na familia zao, utafiti wa kisayansi wa miaka ya karibuni una ujumbe muhimu: huu ni ugonjwa wa mwili. Bado hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha wala dawa ya kuuponya. Hata hivyo, watafiti wameona mabadiliko katika damu, misuli, kinga ya mwili na vinasaba vya wagonjwa.

Magonjwa mawili yanayofanana

Mnamo Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa maelezo rasmi ya Covid ya muda mrefu. Ni dalili zinazokuwepo miezi mitatu baada ya mtu kuambukizwa Covid-19, zinazodumu kwa angalau miezi miwili, na ambazo haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. WHO inakadiria kuwa takriban watu 6 kati ya kila 100 wanaopata Covid-19 huingia katika hali hii. Huweza kumpata hata mtu ambaye hakulazwa hospitalini.

Ugonjwa wa pili ni wa zamani zaidi. Ni ugonjwa wa uchovu sugu, ambao wataalamu huuita ME/CFS. Ripoti ya kitaalamu iliyotolewa Marekani mwaka 2015 ilikadiria kwamba nchini humo pekee wagonjwa ni kati ya 836,000 na milioni 2.5, na kwamba wengi wao hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Mgonjwa huwa na uchovu mzito kwa zaidi ya miezi sita, usingizi usioburudisha, na ama akili kuwa nzito au kushindwa kusimama kwa muda.

Dalili inayoutofautisha na uchovu wa kawaida ni hali kuzorota baada ya kazi. Kazi ndogo ya mwili au ya akili humwangusha mgonjwa, mara nyingi si papo hapo bali siku moja au mbili baadaye. Wagonjwa wengi wa Covid ya muda mrefu wana dalili hii pia. Ndiyo maana watafiti wengi sasa huyachunguza magonjwa haya mawili pamoja.

Miaka mingi ya kutoaminiwa

Mwaka 1955, zaidi ya wahudumu 200 wa hospitali ya Royal Free jijini London waliugua kwa mfululizo, na hospitali ikafungwa kwa muda. Mwaka 1970, madaktari wawili wa akili walisoma rekodi za wagonjwa hao, bila kuwapima wenyewe, wakaandika kwamba ilikuwa hofu tu iliyoenea kati yao. Dhana hiyo ilibaki vichwani mwa madaktari wengi kwa miaka, na utafiti wa chanzo halisi ukakosa fedha.

Sayansi nayo ilijikwaa. Mwaka 2009 jarida moja kubwa lilichapisha utafiti uliodai kwamba virusi vinavyoitwa XMRV vinahusishwa na ugonjwa huu. Maabara nyingine zilirudia vipimo na hazikupata kitu. Ilibainika kwamba sampuli zilikuwa zimechafuliwa, na mwaka 2011 utafiti huo ukaondolewa. Tangu hapo, watafiti husisitiza matokeo kurudiwa na wengine kabla ya kuaminiwa.

Maambukizi ndiyo mlango

Utafiti mmoja muhimu ulifanyika eneo la Dubbo, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006. Watafiti walifuatilia watu 253 waliokuwa wameambukizwa mojawapo ya magonjwa matatu: homa ya tezi inayoletwa na virusi vya Epstein-Barr, homa ya Ross River inayoenezwa na mbu, na homa ya Q inayotoka kwa mifugo. Baada ya miezi sita, karibu watu 12 kati ya kila 100 walikuwa bado na uchovu mzito. Aliyeugua vikali zaidi mwanzoni ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi. Hali ya akili kabla ya kuugua haikuwa kigezo.

Matokeo hayo yanagusa hata wafugaji wa hapa nchini, kwa kuwa homa ya Q ipo Kenya. Mtu huweza kuipata kwa kuvuta vumbi lenye uchafu wa mnyama aliyezaa au aliyetoa mimba. Glavu, kufunika pua na mdomo wakati wa kuzalisha mifugo, na kuchemsha maziwa hupunguza hatari.

Watafiti wanaangalia wapi

Kwanza, mabaki ya virusi. Vipande vya virusi vya Covid vimepatikana katika damu na utumbo wa baadhi ya wagonjwa miezi mingi baada ya kuambukizwa. Huenda mabaki hayo yanauchokoza mwili bila kukoma. Hata hivyo, jaribio lililochapishwa mwaka 2024 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambapo wagonjwa walimeza dawa ya kupambana na virusi kwa siku 15, halikuonyesha nafuu kuliko kundi la kulinganisha.

Pili, kinga ya mwili. Februari 2024, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani zilichapisha uchunguzi wa kina wa wagonjwa 17 wa uchovu sugu na watu 21 wenye afya. Kinga za wagonjwa zilionekana kama zinazopigana na adui kwa muda mrefu, na sehemu moja ya ubongo inayohusika na kuamua kutumia nguvu ilifanya kazi kwa kiwango cha chini. Idadi ya waliopimwa ni ndogo, na wataalamu bado wanajadili maana ya matokeo hayo.

Tatu, damu na misuli. Katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, watafiti wameripoti mabonge madogo sana ya damu kwa wagonjwa wa Covid ya muda mrefu, ambayo hayayeyuki kwa urahisi. Wengine bado hawajakubali kwamba mabonge hayo ndiyo chanzo. Jijini Amsterdam, watafiti walichukua vipande vidogo vya misuli ya wagonjwa 25 kabla na baada ya kuendesha baiskeli ya mazoezi, wakavilinganisha na vya watu 21 wenye afya. Kwa wagonjwa, mitokondria, yaani sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zilikuwa zikifanya kazi kwa udhaifu, na misuli iliharibika zaidi baada ya zoezi hilo.

Nne, vinasaba. Agosti 2025, mradi wa DecodeME nchini Uingereza ulitoa matokeo ya awali baada ya kupima vinasaba vya zaidi ya wagonjwa 15,000. Sehemu nane zilionekana kutofautiana na za watu wasio na ugonjwa, na baadhi zinahusiana na kinga na mfumo wa neva. Waliochambuliwa ni watu wa asili ya Ulaya, hivyo utafiti wa aina hiyo unahitajika kwa Waafrika pia.

Huenda hakuna chanzo kimoja, bali njia kadhaa zinazoishia kwenye dalili zilezile. Hilo likithibitika, wagonjwa tofauti watahitaji dawa tofauti.

Mkaazi afanye nini

Uchovu unaozidi wiki chache unahitaji uchunguzi katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Upungufu wa damu, kifua kikuu, kisukari, Virusi Vya Ukimwi, matatizo ya tezi ya shingo na msongo wa mawazo huleta uchovu pia, na yana matibabu. Mhudumu wa afya aelezwe uchovu ulianza lini, ulifuata ugonjwa gani, na hali huwaje siku moja au mbili baada ya kazi. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuzirai au kupooza upande mmoja ni dharura: mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Mgonjwa ambaye hali yake huzorota baada ya kazi asilazimishwe kufanya mazoezi ili "azoee". Mwaka 2021, Uingereza iliondoa katika mwongozo wake wa matibabu ratiba za kuongeza mazoezi hatua kwa hatua kwa wagonjwa wa uchovu sugu. Badala yake, kazi igawanywe: kulima mistari michache kisha kupumzika, kukaa wakati wa kupika, na kuacha kabla nguvu hazijaisha. Daftari la kila siku husaidia kujua kipimo cha kila mtu.

Dawa zinazouzwa mitandaoni au sokoni kwa ahadi ya kumaliza uchovu huu hazijathibitishwa, na zimemaliza akiba za watu. Chanjo dhidi ya Covid-19, kwa upande mwingine, imeonyeshwa katika tafiti nyingi kupunguza uwezekano wa kupata Covid ya muda mrefu.

Waajiri, walimu na familia wana sehemu yao. Mwanafunzi anayepewa muda wa kupumzika, au mfanyakazi anayepunguziwa saa, ana nafasi ya kuendelea badala ya kuacha kabisa. Mgonjwa asiyeweza kufika kituoni anaweza kumwarifu mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, ambaye atamtembelea nyumbani na kumwelekeza kwa huduma zaidi.