Kamera ya Kwanza kwa Pesa ya Bumu

Kila bumu likitoka, mlango wa chumba chetu hosteli unagongwa. Wanajua nina kamera, basi wanakuja na swali moja: "Bro, ninunue ipi?" Safari hii alikuja dogo wa mwaka wa kwanza. Ana laki tisa kwenye simu, na moyoni ameshachagua: kamera mpya, bado ipo kwenye boksi, ina megapikseli 24. Alitaka tu nimwambie "safi sana". Sikumwambia. Nilimwambia akae kwanza, nikamsimulia habari ya sendofu.

Nilikuwa mwaka wa pili. Nilinunua kamera ya mtumba Kariakoo kwa laki sita na nusu, yaani pesa yote niliyokuwa nayo. Kijana wa dukani alikuwa muungwana kweli. Alinitoa nje saa saba mchana, akapiga picha bajaji zilizokuwa zimepaki, akanionyesha kwenye kioo. Picha zinang'aa! "Kaka, hii ni mashine," akasema, nami nikalipa hapo hapo. Wiki mbili baadaye nikapata kazi ya kwanza: sendofu ya dada wa rumeti wangu, ukumbi mmoja Sinza. Malipo elfu themanini, nusu nimeshapewa na nimeshaila.

Saa tatu usiku, taa za zambarau, MC anapiga kelele, bibi harusi anaingia akicheza na wenzake. Kila picha niliyopiga ilitoka kama mvuke. Nikawasha flashi ndogo ya juu ya kamera: nyuso zikawa nyeupe kama zimepakwa unga, nyuma giza tupu. Alipomlisha mama yake keki, mama akaanza kulia, nami nipo hatua tatu kutoka kwao na sikupata hata picha moja inayoeleweka. Nilipopeleka kazi, mama alizitazama zote mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ndizo hizi tu?" Ile nusu ya malipo nilikopa nikairudisha.

Tatizo kubwa lilikuwa lenzi, na mimi wakati huo nilidhani lenzi ni lenzi tu.

Kamera nyingi za wanaoanza zinauzwa na lenzi ya 18-55. Itazame usoni, pembeni ya kioo imeandikwa 1:3.5-5.6. Hiyo ni namba ya tundu linaloingiza mwanga, na inachanganya kwa sababu inakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukivuta hadi 55 ili umpate mtu karibu, tundu linabana hadi 5.6. Sasa kuna lenzi nyingine, ya 50, ambayo haivuti kabisa, imeandikwa 1:1.8. Ukipiga hesabu, tundu la 1.8 linaingiza mwanga karibu mara kumi ya lile la 5.6. Mara kumi! Maana yake, pale ambapo kamera yangu ilihitaji sekunde 1/15 kupata mwanga, muda ambao mtu anayecheza ameshahama, lenzi ile ingemaliza kwa 1/125 na bibi harusi angetulia kwenye picha. Kuna ISO pia, ndiyo, lakini nilikuwa nimeshaipandisha mpaka picha zimejaa chenga kama TV iliyokosa antena.

Kwa hiyo usimalize pesa kwenye bodi. (Bodi namaanisha kamera yenyewe bila lenzi, siyo ile ya Mikopo, ingawa kwa wengi wetu moja haipatikani bila nyingine.) Na hizo megapikseli zisikutoe roho. Picha ya ukubwa wa A4 iliyochapwa vizuri inahitaji chini ya milioni 9. Canon 1100D ya mwaka 2011, ambayo watu wanaicheka, ina 12. Halafu nusu ya wateja watataka uwatumie kwa WhatsApp, ambako zinabanwa tena.

Mtumba wa sasa una neema yake. Tangu 2018 Canon na Nikon wameingia kwa nguvu kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na wapiga picha wenye pesa wanahamia huko. Hizi za zamani zinashuka bei, wakati picha zake hazijabadilika hata kidogo. Mimi humwelekeza anayeanza kwenye Canon 600D: megapikseli 18, kioo cha nyuma kinachogeuka, na tundu la maiki kama utataka video. Ukikutana na Rebel T3i au Kiss X5 usidhani ni nyingine. Ni hiyo hiyo, majina ya Marekani na Japani. Ile ya Japani hakikisha tu menyu yake inasoma Kiingereza. Lenzi yoyote ya Canon ya EF, hata ya mwaka 1987 zilipoanza, inaingia na inafanya kazi.

Nikon nazo ni nzuri, ila zina mtego. D3200 au D5100 haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua lenzi ya zamani ya bei chee, utazungusha fokasi kwa mkono, na bibi harusi hakusubiri. Tafuta iliyoandikwa AF-S, au jipange upate D7000, ambayo mota inayo.

Sasa dukani. Hapa ndipo nilipopigwa mara ya pili, maana miezi michache baada ya ile sendofu, mzee mmoja mwenye studio Magomeni aliichukua lenzi yangu, akaifungua kutoka kwenye bodi, akamulika tochi ya simu kwa nyuma. "Mwanangu, tazama." Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Fangasi. Joto na unyevu wa Dar ndiyo chakula chake, na ikikolea inakula ngozi ya kioo, hata fundi akiisafisha alama inabaki. Mchana kweupe huioni. Ukipiga kuelekea taa, picha nzima inapauka.

Basi nenda na tochi, na usione haya. Omba tundu lifungwe hadi 22, piga ukuta mweupe, kuza picha: madoa meusi ni vumbi kwenye sensa. Vumbi linasafishwa, mkwaruzo haufutiki. Uliza shata imepiga mara ngapi. Kwa Nikon, picha yenyewe inabeba hesabu hiyo na programu za bure zinaisoma. D7000, kwa mfano, ilijaribiwa kufikia 150,000. Canon kwa kawaida haiiandiki kwenye picha, kwa hiyo tazama raba zilivyolika na vitufe vilivyofutika. Ingiza kadi yako mwenyewe, washa flashi, rekodi video dakika tano uone kama betri haizimi ghafla. Na risiti iwe na namba ya kamera, maana kamera za wizi zipo na polisi hawatakuuliza ulikuwa na nia gani.

Na 1.8 nayo ina masharti. Ukiifungua yote, fokasi ni nyembamba: jicho moja linaonekana, la pili halipo. Kikundi cha mahafali mbele ya Nkrumah ukikipiga hivyo, mstari wa mbele tu ndio utakushukuru. Halafu kwenye bodi hizi ndogo za Canon, 50 inaona kwa wembamba kama 80, hivyo chumbani utarudi nyuma mpaka ugonge kitanda. Kwa vikundi tumia ile 18-55.

Dogo tulikwenda naye Kariakoo Jumamosi. Duka la kwanza waliona tochi wakasema kamera imeshawekewa oda. La pili lenzi ilikuwa na utando. La tatu dada aliyekuwa akiuza alituletea kiti. Tulitoka na 600D pamoja na 18-55 kwa laki tano, na 50 ya mtumba kwa laki mbili na thelathini. Bei hizo ni za siku hiyo, zako zinaweza kuwa nyingine. Chenji ilinunua kadi na begi, na ndani ya begi nimemwekea vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinyonye unyevu.

Wiki ijayo ana kipaimara Mbezi. Betri ya akiba hana bado, nimemwazima yangu.