Damu Ikikaa Jokofuni, Chembe Ngapi Hubaki Hai?

Kwa dawa za kuhifadhia zinazotumika leo, chupa ya damu hukaa katika jokofu la benki ya damu hadi siku 35 au 42. Lebo yake hutaja kundi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Haitaji chembe nyekundu ngapi zitakuwa bado hai siku moja baada ya kuingia mwilini mwa mgonjwa, na hilo ndilo swali lenye uzito.

Winifred Ashby alilishughulikia mwaka 1919 huko Mayo Clinic, Marekani. Kikwazo kilikuwa kikubwa: damu mbili zikishachanganyika, hadubini haiwezi kutofautisha chembe za mchangiaji na za mgonjwa. Ashby akayageukia makundi ya damu. Wagonjwa wa kundi A waliongezewa damu ya kundi O, kisha sampuli zao zikatiwa seramu inayoshikamanisha chembe za A. Za mgonjwa zikajikusanya mafungu, za O zikabaki mojamoja, naye akazihesabu. Alizikuta hai baada ya mwezi mzima; tafiti zake zilizofuata zikafika takriban siku 100. Ni kazi ya subira na akili nyingi, inayostahili kujulikana zaidi.

Mwaka 1950 ikaja njia ya kromiamu-51, yenye mionzi. Damu ya mtu aliyejitolea huhifadhiwa, sehemu yake ndogo hutiwa alama ya kromiamu, kisha hurudishwa mwilini mwake. Kesho yake hupimwa zilizosalia.

Kwa nini saa 24? Chembe zilizochakaa kwa kukaa sana hupoteza umbo la kisahani na wepesi wa kujikunja, hivyo wengu na ini huziondoa mapema. Zinazovuka siku ya kwanza, nyingi huendelea kuishi karibu kama kawaida. Marekani hutaka wastani wa zinazovuka usipungue asilimia 75.

Hata hivyo, chembe kuwa hai ni jambo moja, kufikisha oksijeni ni jingine. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto 290 wenye upungufu mkubwa wa damu, ambao miili yao ilikuwa imejaa asidi ya laktiki kwa kukosa oksijeni. Wengine walipewa damu ya siku 1 hadi 10, wengine ya siku 25 hadi 35. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba damu ya siku nyingi haikuwa duni katika kuishusha asidi hiyo. Kwa wodi za watoto ambako damu huwa haba, chupa ya wiki ya nne ni tiba kamili.