Sanaa Nyingi, Nia Moja: Funzo la Imbaseni

Wapo watu waliojaaliwa vipaji vingi ambao, badala ya kuvishukuru, huviogopa. Kwani tangu utotoni wamehadharishwa kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kila wanapoiweka kalamu wakatwaa brashi, au wanapoiweka brashi wakatwaa ala ya muziki, huingiwa na shaka kuwa umri wao unapotea bure. Methali hiyo ina haki yake. Lakini mtu akitoka Arusha mjini akashika barabara ya Moshi, akauacha mlima Meru mkono wake wa kushoto, akapita Tengeru na Usa River na migomba na mibuni ya Wameru hata akafika kijiji cha Imbaseni, atakuta ushahidi wa jambo ambalo methali hiyo haikulisema.

Hapo ndipo alipoweka makazi Charlotte Hill O'Neal, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Mama C. Alizaliwa mwaka 1951 Kansas City, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, na katika ujana wake alijiunga na chama cha Black Panther, ambamo mumewe, Pete O'Neal, alikuwa kiongozi wa tawi la Kansas City. Pete alipohukumiwa kifungo katika kesi ya bunduki, wawili hao waliihama nchi yao mwaka 1970, wakaishi Algeria kwa muda, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania, wakaanza maisha ya ukulima. Mwaka 1991 waliasisi Imbaseni kituo cha jamii kiitwacho United African Alliance Community Center, ambamo watoto na vijana wa jirani wamekuwa wakifundishwa bila malipo Kiingereza, kompyuta, uchoraji na muziki.

Mama C ni mshairi, mchoraji, mwimbaji na mwalimu. Fauka ya hayo ni mpigaji wa nyatiti, ala ya Wajaluo ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume. Nyatiti ina nyuzi nane zilizofungwa juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi. Mpigaji huketi chini karibu na ardhi, akazicharaza nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, huku pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu ikigonga ala kushika mapigo, njuga zikilia mguuni, na kinywa kikiimba. Mikono ina kazi yake, mguu una yake, na sauti ina yake, wala hakuna kinachomponyoka, maadamu vyote vinautumikia wimbo mmoja.

Hiyo ndiyo siri ya maisha yenye kazi nyingi za sanaa. Kinachomtawanya mtu si wingi wa kazi bali ni uchache wa nia. Anayeandika ili asifiwe, akachora ili atajirike, akaimba ili asisahauliwe, huyo ana mabwana watatu na hataweza kuwaridhisha. Bali yule ambaye shairi lake, picha yake na wimbo wake vyote vinakusudia kuwainua watu wanaomzunguka, kila sanaa humpumzisha kutokana na nyingine na kumrudishia nguvu, na kile ambacho kalamu ilishindwa kukisema asubuhi huenda rangi ikakisema alasiri.

Ari nayo aghalabu hufifia pale msanii anapojifungia na nafsi yake, akajipima kwa sifa za watu wa mbali asiowajua. Mwenye wanafunzi wanaomngoja hana wasaa wa kuuliza kama leo ana ilhamu. Huinuka akawaendea, na katika kuwafundisha ilhamu humjia. Basira hupatikana kwa njia hiyo hiyo, kwa kuwa mbele ya mtoto anayejifunza kushika brashi kwa mara ya kwanza, husuda na majivuno ya msanii huonekana udogo wake.

Arusha inalihitaji sana funzo hili. Wako vijana ambao msimu wa watalii, tangu Juni hata Oktoba, huwaongoza wageni mbugani, na masika yanapoingia na wageni wakapungua, huchora picha za mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, au huchonga vinyago, au hurekodi muziki wa kufokafoka ambao mji huu unasifika kwao. Wengi wao huona haya kwa kutokuwa na kazi moja ya kujitambulisha nayo, ilhali yule aliyekaa na wageni mbugani ana mengi ya kuchora, na mwenye jicho la mchoraji humwonyesha mgeni mengi zaidi.

Kwa hiyo, kijana, usijiulize una kazi ngapi, bali jiulize zinamfaa nani. Mtaje huyo kwa jina, mfikishie kazi yako, ukasikilize anavyoipokea; ukiisha kufanya hivyo, utajua mwenyewe ipi uiongezee bidii na ipi uipumzishe mpaka wakati wake.