Rangi ya brashi ya hewa katika hewa kavu ya Likasi

Brashi ya hewa ni kalamu ya chuma inayopulizia rangi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa. Ndani yake sindano nyembamba hupita katikati ya mdomo wenye tundu la milimita 0.2 hadi 0.5. Kidole kikibonyeza kitufe, hewa hutoka. Kikikivuta nyuma, sindano hurudi na rangi huifuata hewa ikiwa ukungu. Kwa chombo hicho, mtengenezaji wa mifano midogo ya ndege, magari, garimoshi, askari au mandhari hupata rangi nyembamba isiyo na michirizi ya brashi na isiyofukia nakshi za umbo. Hata hivyo, rangi nyingi za kopo ni nzito mno kwa tundu hilo. Sharti zichaguliwe, zipunguzwe na zichujwe, na kipimo cha kupunguza hakiwi kimoja kila mahali. Mchanganyiko unaotiririka vizuri Mombasa, penye unyevu wa bahari, huweza kugandia kwenye ncha ya sindano mjini Likasi kabla mstari mmoja haujakamilika.

Sababu iko hewani. Likasi imesimama kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300 katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwenye mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni pungufu ya ule wa pwani kwa karibu sehemu moja ya saba. Maji na viyeyushi hupaa upesi zaidi. Tena kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukatika karibu kabisa, unyevu hushuka na vumbi jekundu hutanda. Kwa hiyo maelekezo yaliyoandikwa kwenye chupa na kiwanda cha Ulaya au Japani ni mahali pa kuanzia tu. Anayepaka rangi Likasi hupima upya, na hupima upya tena msimu unapobadilika.

Koo tatu za rangi

Kila rangi ina vitu vitatu: chembe zinazotoa rangi yenyewe, gundi inayozishikanisha na kuzibandika, na kimiminika kinachobeba vyote viwili. Kimiminika hicho ndicho kinachoamua rangi ipunguzwe kwa nini.

Ukoo wa kwanza ni akriliki za maji. Hazina harufu kali na huoshwa kwa maji zikiwa bado mbichi. Baadhi, kama Vallejo Model Air, hutoka kiwandani zikiwa nyepesi tayari kwa brashi ya hewa. Nyingine za kampuni hiyohiyo, kama Model Color, ni nzito na zimekusudiwa brashi ya mkono. Akriliki za Tamiya ni za namna yake: hubebwa na alkoholi, na hupungua vizuri kwa tina yake, yaani kimiminika cha kupunguzia, X-20A. Tofauti hiyo si ndogo. Akriliki ya maji ikitiwa alkoholi huweza kuganda vipandevipande ndani ya kikombe na kuziba mdomo wote.

Ukoo wa pili ni enameli, mfano Humbrol, ambazo gundi yake ni ya asili ya mafuta. Hupunguzwa kwa spiriti nyeupe au tapentaini, hukauka polepole, na kwa sababu hiyo hutulia zikawa laini. Kukauka kwake hakutokani na kupaa kwa kimiminika peke yake: gundi hushika oksijeni na kukomaa, na chumvi za kobalti, madini yaleyale yanayochimbwa Katanga, zimetumika kwa miaka mingi kuharakisha kazi hiyo katika rangi za mafuta.

Ukoo wa tatu ni laka, kama Mr. Color. Hushika plastiki kwa nguvu, hukauka kwa dakika chache na hutoa ngozi nyembamba kuliko zote. Ubaya wake ni mvuke mkali. Laka za magari zinazopatikana katika gereji ziko karibu na ukoo huu, lakini tina ya gereji huweza kuyeyusha plastiki ya polistireni ambayo mifano mingi hutengenezwa kwayo. Anayetaka kuitumia huijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya plastiki kinachotupwa: kikilainika au kikipoteza mng'ao, tina hiyo haifai.

Rangi za ukutani za maji zina kazi yake pia. Ni za bei nafuu na zinatosha kwa milima, miamba na ardhi ya mandhari. Hata hivyo zimejaa unga wa chokaa wenye chembe kubwa; ni za tundu la milimita 0.5 na kuendelea, baada ya kuchujwa, na haziwafai askari wenye kimo cha sentimita mbili.

Rangi za Likasi zenyewe

Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi 1966, unampa mtengenezaji wa mifano kazi nyingi. Upo mtambo wa Shituru wa shaba na kobalti, ulioanza wakati wa kampuni ya madini ya Union Minière na kurithiwa na kampuni ya Gécamines. Ipo reli yenye upana wa milimita 1,067, ambayo katika kipimo cha 1/87 huwa njia ya milimita 12. Sehemu yake kati ya Jadotville na Tenke ilianza kutumia umeme mwaka 1952. Na ipo historia ya vita. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, askari wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wapatao 155 na wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa hapa na majeshi ya Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, huku ndege moja aina ya Fouga Magister ikiwashambulia kutoka juu.

Mwezi wa tukio hilo ndio unaoamua rangi. Septemba ni mwisho wa kiangazi. Nyasi zimekauka au zimeungua kwa moto wa porini, udongo ni mwekundu na mkavu, na miti ya miombo imeanza kutoa majani machanga yenye wekundu wa shaba kabla ya mvua ya kwanza. Mandhari ya Jadotville yaliyopakwa kijani kibichi cha msitu wa mvua yamekosea mahali na majira. Filamu ya 2016 kuhusu mapambano hayo ilipigwa Afrika Kusini, kwa hiyo picha zake si mwongozo wa kutegemewa kwa udongo na miti ya Katanga.

Rangi za mandhari kama hayo hazipuliziki kwa namna moja, kwa kuwa chembe zake hazilingani. Nyekundu na kahawia za udongo hutokana na oksidi za chuma: hufunika vizuri hata zikiwa nyembamba, lakini ni nzito na hutuama chini ya chupa. Nyeupe hutokana na dioksidi ya titani, nayo ni nzito vilevile. Rangi hizo huhitaji tina zaidi kidogo na kukorogwa mara kwa mara. Njano nyingi hufunika kwa shida, hivyo hutanguliwa na tabaka la nyeupe au la kahawia hafifu. Kijani na buluu nyingi za kisasa hutokana na fthalosianini ya shaba, ambayo hupenya mwanga na ina nguvu kubwa: tone moja hubadili kikombe kizima.

Kijani cha malakiti, jiwe linalochongwa na kuuzwa kote Katanga, huwavutia wengi kulisaga na kulitumia lenyewe. Wachoraji wa kale, wakiwemo wa Misri, walifanya hivyo. Kwa brashi ya hewa njia hiyo haifai. Malakiti huwa na kijani kizito pale tu chembe zake zinapobaki kubwa. Ikisagwa hadi kuwa laini, hupauka. Yaani chembe inayotoa rangi nzuri ndiyo inayoziba mdomo, na ile inayopita haina tena rangi inayotafutwa. Vumbi lake pia ni sumu kwa mapafu. Kijani hicho hupatikana kwa usalama kwa kuchanganya kijani cha fthalosianini, nyeupe na chembe ya njano, kisha kupitisha mistari ya kijani cheusi juu yake.

Rangi za metali, kama ile ya misalaba mitatu ya shaba kwenye bendera ya Katanga ya 1960, zina vipande bapa vya metali ndani yake. Hutaka tundu la milimita 0.4 au zaidi, tina nyingi, msukumo mdogo wa hewa na tabaka jeusi linalong'aa chini yake.

Kupunguza

Rangi hukorogwa kwanza hadi chini ya chupa pasibaki tope. Kisha tina hutangulia kikombeni na rangi hufuata, ili rangi nzito isijikusanye kwenye mdomo. Vipimo vya kuanzia ni hivi: akriliki nzito ya maji, sehemu moja ya rangi kwa moja ya tina yake; akriliki ya Tamiya na laka, moja kwa moja hadi moja kwa mbili; enameli, mbili kwa moja hadi moja kwa moja. Kwa tundu la milimita 0.3, msukumo wa bar 1 hadi 1.4 unatosha.

Kipimo cha jicho ni bora kuliko cha tarakimu. Tone la mchanganyiko huwekwa kwenye ukuta wa kikombe cheupe na kuachwa literemke. Likishuka kwa utulivu na kuacha utando mwembamba unaojisafisha taratibu, kama maziwa kwenye bilauri, limefaa. Likigoma kushuka, ni zito. Likikimbia bila kuacha rangi, limezidi kuwa jepesi. Baada ya hapo mchanganyiko hujaribiwa kwenye karatasi au plastiki ya kutupa, kamwe si kwenye mfano wenyewe.

Maji matupu hupunguza akriliki ya maji, lakini yakizidi hutawanya gundi. Rangi hujikunja matonetone juu ya plastiki na kubanduka ikikauka. Tina ya kiwanda ina gundi na viungo vinavyolinda hali hiyo. Palipo na lazima ya maji, yawe yaliyotoneshwa au ya mvua yaliyochujwa, kwa kuwa maji yanayotoka kwenye miamba ya dolomiti, iliyo mingi Katanga, hubeba chokaa na magnesiamu, nazo huacha madoa meupe.

Kiangazi cha Likasi hutaka hatua ya ziada: matone machache ya dawa ya kuchelewesha kukauka na ya kurahisisha mtiririko, tina iliyozidi kidogo na msukumo ulioshushwa. Laka hupunguzwa kwa tina yenye kichelewesho ndani yake, kama Mr. Color Leveling Thinner. Ncha ya sindano hufutwa kila baada ya dakika chache kwa kijiti cha pamba kilicholowa tina, na kazi hufanywa asubuhi kabla ya upepo wa vumbi. Masika hubadilisha mambo. Kichelewesho hupunguzwa au huachwa, na chujio la maji kwenye bomba la kompresa humwagwa mara nyingi, kwani tone moja la maji huharibu tabaka zima. Laka inayopuliziwa kwenye hewa nzito ya mvua huweza kufanya ukungu mweupe, kwa sababu kiyeyushi kinapopaa hupoza uso na kuvuta unyevu.

Makosa hujieleza yenyewe. Uso ukiwa na chenga za unga, rangi imekauka njiani: brashi isogezwe karibu, msukumo ushushwe au tina iongezwe. Rangi ikitambaa pande zote kama nyuzi, ni nyepesi mno au hewa imezidi. Ikitoka kwa kutema, sindano ina ganda kavu au rangi haikuchujwa. Mapovu yakipanda kikombeni, mdomo umelegea au umepasuka.

Mandhari

Ardhi ya mfano huanza na kahawia nzito kila upande. Juu yake hupuliziwa nyekundu ya udongo kutoka juu kwa pembe ya jua, kisha rangi iliyopauka zaidi kwenye vilele vya vichuguu na kingo za miamba. Kwa kuwa mfano hutazamwa kana kwamba uko mbali, rangi zote hupaushwa kidogo kuliko zilivyo kwa ukubwa wa kweli. Kwenye reli, ubavu wa chuma hupuliziwa kahawia ya kutu, na sehemu ya juu hufutwa kabla rangi haijakauka ili ing'ae palipopita magurudumu.

Udongo halisi uliochekechwa huweza kunyunyizwa juu ya gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, ila usichotwe kwenye mabaki ya migodi. Kilomita zipatazo 20 kutoka mjini uko mgodi wa Shinkolobwe, ambao urani yake ilitumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki wakati wa Vita Kuu ya Pili. Taka za migodi ya eneo hili huweza kuwa na urani na metali nzito, na hazina nafasi juu ya meza ya nyumbani.

Pumzi kwanza

Ukungu wa brashi ya hewa ni mwembamba kiasi cha kufika ndani ya mapafu, hata rangi ikiwa ya maji. Akriliki hutaka barakoa ya vumbi na dirisha wazi. Enameli na laka hutaka barakoa yenye kaboni amilifu na feni inayotoa mvuke nje. Mvuke wa laka huwaka, kwa hiyo jiko la makaa na sigara hukaa mbali. Rangi za magari za kopo mbili, zinazochanganywa na kigumishi chenye isosayaneti, hazifai kabisa kupuliziwa nyumbani: huweza kusababisha pumu ya kudumu.

Kwa anayeanza Likasi, chaguo jema ni akriliki ya maji pamoja na tina ya kampuni hiyohiyo, brashi yenye tundu la milimita 0.3 hadi 0.4, na daftari la kuandika kila mchanganyiko pamoja na mwezi uliofanyika. Baada ya kiangazi kimoja na masika moja, daftari hilo litakuwa mwongozo sahihi kuliko maandishi ya chupa yoyote.