Mtihani wa Linux: Anayeanza Asome Nini?



Mfadhili mmoja alitutumia kitabu kinene cha LPIC-1 kwa ajili ya kijana wa Kilwa Kisiwani anayetaka cheti cha Linux. Tulishukuru, tukampa, na baada ya wiki tatu akakirudisha. Hakuwa mvivu. Kitabu kile kiliandikwa kwa fundi aliyekwisha kuwa kazini, na jaladani kilikuwa na namba 101-400, mtihani ambao mwaka 2018 ulipokewa na 101-500. Kosa lilikuwa letu, kwani hatukutazama namba. Kwa kuwa kamati nyingine nazo zimetuuliza zinunue kitabu gani, tunaeleza hapa.

Linux ni mfumo endeshi wa kompyuta ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Ni programu huria: hainunuliwi, na kila mtu ana ruhusa ya kuinakili. Kompyuta nyingi zinazoendesha tovuti duniani hutumia mfumo huu, ndiyo maana cheti chake kina soko. Miongoni mwa watoaji vyeti ni Linux Professional Institute, iliyoanzishwa mwaka 1999.

Taasisi hiyo ina mtihani wa wanaoanza uitwao Linux Essentials. Toleo lake la 1.6 lina namba 010-160, maswali 40 na muda wa dakika 60, na hauhitaji cheti kingine kabla yake. LPIC-1 ni ngazi inayofuata, yenye mitihani miwili ya maswali 60 kila mmoja. Kumwanzishia kijana LPIC-1 ni kumpeleka mkondo mkuu kabla hajajua kupiga kasia.

Kitabu cha kwanza hakinunuliwi. Taasisi yenyewe hutoa masomo ya Linux Essentials bure kwenye tovuti yake, learning.lpi.org. Yamepangwa kwa kufuata muhtasari wa mtihani, na kila somo lina mazoezi na majibu yake. Yanapakuliwa kama faili la PDF, na hili ni jambo kubwa kwa mtu wa kisiwani: anavuka mara moja kwenda Kilwa Masoko, anapakua, anarudi na flashi, kisha anasoma hata bando likiisha. Cha pili ni The Linux Command Line cha William Shotts, nacho PDF yake ni bure. Kina kurasa zaidi ya 500, lakini zile za mwanzo zinatosha kwa mtihani huu. Cha tatu kimo ndani ya mashine. Ukiandika man ls, kompyuta inakueleza amri ya ls bila intaneti.

Vyote hivyo ni vya Kiingereza, na hapo ndipo vijana wengi hukwama, si kwenye kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, lakini mtihani hauna toleo la Kiswahili. Tunashauri wasome wawili wawili na kuelezana kwa lugha yao. Mfano ni ruhusa za faili. Mhasibu wa kamati anasoma na kuandika daftari la fedha, wanakamati wanalisoma tu, na wengine hawalioni. Kusoma ni 4, kuandika ni 2. Basi mhasibu ana 6, kamati ina 4, wengine 0, na amri ni chmod 640. Aliyeelewa daftari la kamati ameshaelewa somo hilo.

Kusoma bila kugusa kibodi hakufai, kwani baadhi ya maswali humtaka mtahiniwa aandike amri mwenyewe, na herufi moja ikikosewa jibu limepotea. Kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 2, ikiwekwa Debian na Xfce, inatosha kwa mazoezi.

Tunaomba pia kamati zisinunue maswali yanayouzwa kwa madai kwamba yameibwa kwenye mtihani. Ni udanganyifu, na cheti kinaweza kufutwa. Ada ya mtihani nayo ilipwe mwisho, kijana akishayamaliza mazoezi yote, maana akifeli hulipa upya.

Kamati inayotaka nakala ilete flashi ya GB 8 ofisini kwetu. Tutanakili bila malipo.