Ziwa Dogo la Sebuleni: Jinsi Tangi la Samaki Linavyojiongeza Maji

Kila siku jua linapopanda juu ya Ziwa Victoria, maji mengi huondoka bila mtu kuyaona. Hayapiti mtoni wala bombani. Yanageuka mvuke na kupanda angani. Inakadiriwa kwamba takriban asilimia 80 ya maji yanayotoka ziwani huondoka kwa njia hiyo, na takriban kiasi hicho hicho cha maji yanayoingia hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Mito yote, pamoja na Mto Kagera ulio mkubwa kuliko mingine inayomimina humo, huchangia sehemu ndogo inayobaki.

Tangi la samaki lililo sebuleni Kashai, mjini Bukoba, au Kamachumu, wilayani Muleba, ni ziwa dogo lenye tabia hiyo hiyo, ila halinyeshewi mvua. Maji yakipungua, yatabaki yamepungua mpaka mtu akumbuke kuyaongeza. Mwenye tangi akisafiri wiki mbili, anaporudi hukuta mstari mweupe wa chumvichumvi kwenye kioo, chujio linakoroma kwa kuvuta hewa, na pampu imepata moto kwa kuzunguka bila maji ya kutosha. Dawa yake ni mfumo unaoongeza maji wenyewe, na vifaa vyake vingi vinapatikana kwenye duka la kawaida la vifaa vya bomba.

Kazi huanza na kipimo, kabla ya kununua chochote. Bandika kipande cha tepu nje ya kioo, sawa na usawa wa maji, kisha uache siku saba bila kuongeza. Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45. Likijaa, hubeba lita zipatazo 180. Kila sentimita moja ya maji inayoshuka ni lita 4 na kidogo. Kama katika wiki ile maji yameshuka sentimita 2, tangi limepoteza lita 8, yaani zaidi kidogo ya lita moja kwa siku.

Kiasi hicho hakifanani kila nyumba. Tangi lisilo na kifuniko hupoteza zaidi, na lenye pampu ya hewa inayotoa mapovu mchana na usiku hupoteza zaidi pia. Taa yenye joto, feni na dirisha linalopitisha upepo huongeza mvuke. Bukoba ni kati ya miji inayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake ina unyevu mwingi. Hata hivyo, kiangazi cha Juni hadi Agosti hewa hukauka kidogo, na tepu ile ile kwenye kioo itaonyesha tofauti. Ndiyo maana inafaa kupima mara mbili: wakati wa masika na wakati wa kiangazi.

Njia rahisi kuliko zote inajulikana kwa kila anayefuga kuku. Chombo cha kunyweshea vifaranga ni chupa iliyopinduliwa juu ya kisahani. Vifaranga wakinywa, maji ya kisahani yanashuka chini ya mdomo wa chupa, hewa inaingia, maji yanashuka kidogo. Mdomo ukifunikwa tena, maji yanasimama. Hivyo hivyo, chupa ya lita moja na nusu ikipinduliwa na kufungwa imara ili mdomo wake uguse usawa unaotakiwa, itaongeza maji ya tangi dogo bila umeme na bila kifaa kinachotembea. Kwa tangi la sentimita 40 kwa 25, chupa hiyo ni sawa na sentimita moja na nusu ya maji. Iwekwe mbali na jua: hewa iliyo ndani ikipata joto hutanuka na kusukuma maji nje kabla ya wakati wake.

Tangi kubwa linahitaji boya.

Wazo la boya ni la kale. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Ktesibios wa Alexandria, Misri, alitengeneza saa ya maji ambayo boya lake lilipanda na kuziba njia ya maji kila usawa ulipofika mahali pake. Mwaka 1206 Al-Jazari, mhandisi aliyefanya kazi Diyarbakir, alikamilisha kitabu cha mitambo ambamo valvu za boya hufanya kazi nyingi. Leo boya hilo hilo limo ndani ya simtanki na ndani ya tangi la choo: maji yakishuka, mkono wa boya unashuka na kufungua valvu, yakipanda, unaifunga.

Kwa samaki, boya dogo la plastiki lafaa kuliko la shaba, kwa sababu madini ya shaba yakiyeyuka ndani ya maji huua konokono na kamba wadogo, na yakizidi hudhuru hata samaki. Boya hufungwa kwenye ukingo wa tangi, kwenye kona ambayo mapovu hayachezeshi maji. Wenye chujio la chini, yaani kitangi cha pili kinachochuja maji kabla ya pampu kuyarudisha juu, hulifunga kwenye chumba cha pampu, kwa kuwa upungufu wote huonekana hapo. Dumu la akiba huwekwa juu zaidi ya tangi, mpira mwembamba hutoka chini ya dumu hadi kwenye boya, na katikati huwekwa koki ndogo ya kufungia wakati wa usafi. Dumu lisizibwe kabisa. Lazima liwe na kitundu cha kuingiza hewa, la sivyo maji yatakataa kushuka. Juu ya kitundu hicho hufungwa kitambaa chepesi cha kuzuia mbu.

Wapo wanaopenda mfumo wa umeme: swichi ndogo ya boya, rilei na pampu ya volti 12 inayovuta maji kutoka ndoo iliyofichwa chini ya meza. Ni mfumo nadhifu, lakini unadai umeme wa uhakika. Kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, kwa laini inayotoka Masaka hadi Kyaka, kwa sababu haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa, na wakazi wake wanazijua siku za giza. Dumu lililo juu halijui umeme umekatika. Maji hushuka kwa uzito wake. Anayechagua pampu akumbuke jambo moja: ncha ya mpira ibaki hewani, juu ya usawa wa maji. Ikizama, siku pampu itakaposimama, maji ya tangi yatarudi kinyumenyume mpaka kwenye ndoo na kumwagika sakafuni.

Hapa ndipo penye hesabu ambayo wengi huiruka. Boya lolote huweza kukwama siku moja, kwa ukoga, kwa konokono aliyejibanza, au kwa chokaa iliyoganda. Swali ni hili: likikwama likiwa wazi, maji mangapi yatamwagika? Tangi la mfano wetu likiachiwa nafasi ya sentimita 3 juu ya maji, nafasi hiyo hupokea lita 12. Dumu la lita 20 likimwagika lote, lita 8 zitakuwa kwenye zulia. Dumu la lita 10 likimwagika lote, tangi litakaribia kujaa tu, wala hakuna tone litakaloanguka. Kwa hiyo dumu dogo ni ulinzi bora kuliko valvu ya bei ghali. Kwa sababu hiyo hiyo, mpira wa boya usiunganishwe moja kwa moja na bomba la nyumba au simtanki ya lita 1,000. Bomba halina mwisho, na nyumba inaweza kuogelea usiku mzima watu wakiwa wamelala.

Uzito nao uangaliwe. Lita 180 ni kilo 180 za maji peke yake, kabla ya kioo na mawe, na dumu lililo juu huongeza kilo 10. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na wilaya za jirani. Baada ya siku ile, hakuna sababu ya kuweka dumu kwenye kirafu kilichoegeshwa tu. Lifungwe ukutani kwa mkanda wa chuma, na liwe pembeni ya tangi, si juu ya kioo.

Je, maji gani yatiwe ndani ya dumu? Mvuke huchukua maji matupu na kuacha chumvi zote nyuma, hivyo yanayoongezwa yawe na chumvi chache iwezekanavyo. Bukoba na Muleba zimejaliwa jambo hilo: mvua. Maji ya mvua ni laini. Paa la mabati lenye mita 10 za mraba, likinyeshewa milimita 10, hutoa karibu lita 100, akiba ya miezi mitatu kwa tangi la mfano wetu. Maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yaachwe yapite, kisha yakingwe yanayofuata. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi kabla ya kutiwa kwenye dumu.

Lakini kuongeza maji si kubadilisha maji, na Ziwa Victoria lenyewe linaeleza kwa nini. Linapoteza maji mengi kwa mvuke, na bado ni baridi, halina chumvi. Sababu ni kwamba kule Jinja, Uganda, Mto Nile hutoa sehemu ya maji yake na kuondoka na chumvi iliyomo. Ziwa Natron halina mto wa kuyatoa maji yake. Maji yanaingia, mvuke unaondoka, magadi yanabaki, karne baada ya karne. Tangi la samaki linaloongezwa maji tu, bila kutolewa mengine, linafuata njia ya Natron: chumvi hujilimbikiza, na taka za samaki pamoja nazo. Mwenye tangi ndiye Jinja yake. Kila wiki au kila wiki mbili atoe kati ya asilimia 10 na 25 ya maji na kutia mengine safi, hata kama boya linafanya kazi vizuri. Siku hiyo ndiyo pia ya kulinyanyua boya kwa kidole na kuhakikisha kwamba linafunga.

Ipo sababu nyingine ya kulitunza ziwa dogo kwa uangalifu huu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, samaki wadogo wa rangi nyingi ambao majike wao hulea mayai mdomoni. Sangara waliopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, pamoja na maji kuchafuka, waliwamaliza wengi. Mwaka 1992 Frans Witte na wenzake, waliokuwa wakitafiti Mwanza, walikadiria kwamba aina zipatazo 200 zilikuwa zimetoweka au zimo hatarini kutoweka. Mmoja wa furu hao, mwenye mgongo mwekundu na mistari myeusi, alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Julius Nyerere. Leo anaitwa Pundamilia nyererei, na hufugwa na wapenzi wa samaki Ulaya na Marekani.

Watoto wengi wa Bukoba na visiwa vya Muleba wanamjua zaidi sangara wa sokoni kuliko wanavyowajua furu wa ziwa lao. Tangi moja la kioo darasani, boya la plastiki na dumu la lita 10 la kuvusha mwisho wa juma vingewaonyesha furu hao. Mwalimu atakayetaka kuanza amwone kwanza ofisa uvuvi wa wilaya, apate ruhusa na ushauri wa samaki wanaofaa. Na samaki wa tangi, hata akiwa mdogo kiasi gani, asimwagwe ziwani.