KITOVU CHA PEMBETATU: KIPI KATI YA VINNE?

Katika zoezi moja la tafsiri hapa kwetu Uganda, wanafunzi kadhaa waliandika hivi: "Katika pembetatu yenye pembe butu, kitovu kiko nje ya pembetatu." Upatanisho wa kisarufi ni sahihi, msamiati ni wa Kiswahili sanifu, nasi tukatia alama ya vema. Mwalimu mwenzetu wa hisabati alipoisoma sentensi hiyo alituuliza swali moja tu: kitovu kipi? Hatukuwa na jibu, kwa hiyo tumeona tulieleze jambo hili katika toleo hili.

Katika Kiswahili cha kila siku neno kitovu halina utata. Ni sehemu ya mwili; mtu husema kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake. Kutokana na maana hiyo tunapata kitovu cha mji, kitovu cha biashara na kitovu cha duara. (Kitovu cha kule Masaka tukiache kando.) Duara lina kitovu kimoja, basi. Taabu huanza kwenye pembetatu, kwa sababu "katikati" yake hutegemea unapima nini.

Chukua pembetatu yenye pembe mraba ambayo pande zake ni sentimita 6, 8 na 10. Ukiikata kwa kadibodi na kuisimamisha juu ya ncha ya kalamu, itatulia mahali pamoja tu. Hapo ndipo hukutana mistari mitatu inayotoka kila kona kwenda katikati ya upande unaoikabili, na kila mstari hukatwa kwa uwiano wa 2 kwa 1, sehemu ndefu ikiwa upande wa kona. Hiki tukiite kitovu cha uzito. Daima kiko ndani ya pembetatu, na hapo ndipo sentensi ya wanafunzi wetu huwa uongo.

Ukizigawa pembe zote tatu nusu kwa nusu, mistari hukutana mahali pengine, sentimita 2 kutoka kila upande. Ni kitovu cha duara la ndani, yaani duara linalogusa pande zote tatu. Nacho hakitoki nje kamwe.

Kitovu cha duara la nje, linalopita kwenye kona zote, ni tofauti. Katika mfano wetu kiko katikati kabisa ya upande mrefu, sentimita 5 kutoka kila kona. Pembe mraba ikipanuka kidogo ikawa butu, kitovu hiki hutoka nje. Kwa hiki, sentensi ile ni kweli!

Cha nne ni mahali vinapokutana vimo vitatu. Katika mfano wetu ni kwenye kona yenyewe ya pembe mraba, na katika pembetatu butu huwa nje. Hapa tunakiri kwamba hatupendi kutumia neno kitovu. Nukta iliyo juu ya kona kabisa itaitwaje kitovu? Sisi tunaona "makutano ya vimo" yanatosha, na mwanafunzi huelewa bila kufungua kamusi.

Katika pembetatu yenye pande zote sawa nukta zote nne huangukia mahali pamoja. Tunashuku ndiyo maana wengi wetu hatukuona tofauti, kwani ndiyo pembetatu tunayopenda kuichora ubaoni. Katika nyingine, Leonhard Euler alionyesha katika karne ya 18 kwamba kitovu cha uzito, kitovu cha duara la nje na makutano ya vimo huwa kwenye mstari mmoja. Jaribu kuitafsiri kauli hiyo kwa neno kitovu peke yake: "kitovu, kitovu na kitovu viko kwenye mstari mmoja."

Kwa hiyo katika masahihisho yetu ya sasa, "kitovu cha pembetatu" bila kivumishi wala maelezo hakipati alama. Zoezi lile tumelirudisha kwa wanafunzi, pamoja na alama ya vema tuliyoifuta.